Beseni la Mama Furaha linatetemeka

Jumanne

Seleste, mhariri wetu wa picha, amesema leo kwamba kanda yangu ya mpakani imeharibika na haitarushwa Ijumaa.

"Muzee, kamera yako imechoka," aliniambia. "Ona beseni inatetemeka. Donc tuiache."

Beseni la Mama Furaha, mchuuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, linatetemeka pale tu yule jamaa wa forodha anapomnyang'anya. Ukuta nyuma yao umetulia. Kamera mbovu ingetikisa na ukuta.

Kila picha ya video ina nusu mbili za mistari inayopishana, na moja hutangulia. Seleste aliihamisha kazi kwenye programu nyingine, inayotanguliza nusu ile ya pili. Ndiyo maana kila kinachosogea kinarudi nyuma kidogo na kuonekana kinatetemeka. Dawa ni kugeuza mpangilio wa nusu hizo.

Kazi hii ameifanya miaka sita. Hakujua? Au yule jamaa alishamfikia...

Sina ushahidi. Ila Mama Furaha alikubali nimpige picha, akijua kesho yake atapita palepale.

Nilimwambia Seleste ageuze. "Bon, kesho," alijibu, macho kwenye kibodi.

Kanda ya asili ninayo mkobani. Kesho saa mbili asubuhi nitaketi kando yake mpaka beseni litulie.