Bendi Isiyosikika

Baba yangu,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi, bintiyo wa kwanza. Jumapili hii nilikwenda ukumbi wa parokia kuangalia picha ya vita kwenye video. Najua ungekuwepo usingekwenda. Na mimi nilipelekwa na uchovu tu: mtoto ana miezi mitatu, halali, na pale nilijua nitapata kiti na watu wa kunipokelea mtoto.

Mtoto ni wa kiume, na ubatizo ni Jumapili ijayo. Dada yako, shangazi Fides, ameshatoa amri kwamba achukue jina lako, Otmari. Nilikataa tangu alipozaliwa. Sababu unaijua, ingawa nilikutajia mara moja tu.

Nilikuwa na miaka sita uliporudi kutoka vita vya Uganda. Stesheni ilijaa. Wanafunzi walipiga tarumbeta na ngoma, mama alinivalisha gauni la Pasaka, nikashika tawi. Ukashuka. Niliita "Baba!" mpaka koo likauma. Ukanipita karibu kabisa, begi lako likanigusa bega, wala hukugeuka. Baadaye, kila redio ilipopiga bendi ya tarumbeta, uliinuka ukaizima. "Inadanganya hiyo," ulisema. Nilipofika darasa la sita nikakuuliza kwa nini ulinipita siku ile. Ulikuwa unanoa jembe.

"Kulikuwa na kelele, mwanangu."

Ukaendelea kunoa. Nikaona ni kisingizio, nikakaa nacho moyoni. Hata tulipokuzika kijijini Michenga sikulia. Watu waliona, wakasema.

Sasa nikueleze hiyo picha. Vijana walikuja kwa ajili ya mabomu, wakakuta askari anaezeka nyumba ya bibi wa upande wa adui. Hawaelewani lugha. Bibi anampa nyasi, yeye anafunga. Mwalimu aliyekuwa akitutafsiria kwa sauti akakosa kazi.

"Steringi yuko wapi?" akauliza kijana mmoja, akimtafuta shujaa wa picha.

"Si huyo fundi wa mapaa!"

Ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa nasikiliza muziki. Ngoma hakuna. Ni chombo kimoja cha nyuzi, kizito, kinatoa sauti mbili tatu kisha kinanyamaza, kama mtu anayepapasa kitu chini ya kitanda. Askari wenzake wakaja wakaichoma ile nyumba, yeye amesimama anaangalia, na mlio haukupanda hata kidogo. Aliyeutunga hakutaka kunilazimisha nilie. Aliniacha na nafasi yangu. Siku hizi hakuna kinachonigusa sana, baba, lakini kwa hilo nilimshukuru.

Mwishoni vita vimekwisha, askari anarudi kwao kwa treni. Bendi inamsubiri. Unaona mashavu ya wapigaji yamevimba, tarumbeta zinang'aa, mkono wa mpiga ngoma unapanda na kushuka, lakini sauti hakuna. Kinasikika kile chombo tu, kwa chini, mlio ule ule wa siku ya moto.

"Mwalimu, sauti imekata!"

"Igongeni hiyo deki!"

Mmoja alishainuka na mkono juu. "Kaa chini wewe," mwalimu akamwambia. "Haijaharibika. Ndivyo walivyoitengeneza."

"Ina maana wametuletea bendi bubu?"

Wakacheka tena. Wao wakicheka, mimi nikaona katoto ka kike kwenye ule umati, mdomo umefunguka wote, kanaita, na hakasikiki. Yule askari akakapita.

Nilibaki nimekaa. Mwanangu alinyonya akalala, maziwa yakanilowesha kifua, sikujifuta. Machozi hayakuja. Nilifikiri tu kwamba uliposema kelele, huenda hukuwa na maana ya tarumbeta zetu. Nami sikuuliza kelele gani. Ningeuliza, pengine ungeweka jembe chini.

Jana shangazi alikuja, akamnyanyua mtoto juu. "Afande mdogo huyo! Toa saluti, babu!" Hata wewe walikuita hivyo mpaka kaburini, na kila mara uliangalia pembeni.

"Shangazi," nikamwambia, "ataitwa Otmari. Lakini atakayemwita Afande, simpi ambebe."

"Makubwa! Hata mimi?"

"Hata wewe, shangazi."

Akaguna, akamweka begani vizuri. "Haya. Otmari."

Usidhani yote yamekwisha. Nakuandikia hapa na kifua kimetulia tu, hakina uzito wala wepesi, na nepi zinanisubiri kwenye beseni. Nimeelewa, ila kukulilia bado. Huyu akikua nitamwita, na asiponisikia sitasimama palepale na tawi langu. Nitamfuata nimshike mkono.

Pumzika, baba.

Bintiyo,
ambaye kuanzia jana naitwa Mama Otmari