Neno Lenye Nilisema ku Barrière ya Beni

POLICE YA BUTEMBO
MAELEZO YA SHAHIDI
Siku ya kwanza, tarehe 20 mwezi wa saba 1964, saa tatu ya asubui

Miye naitwa Maulidi Lukumani, miaka 38, dereva wa camion, mwisilamu, mukaaji wa Butembo karibu na soko. Nimekuja mwenyewe. Hakuna mutu aliniita.

Mnamo tarehe 12 ya mwezi huu, siku ya Mungu, saa mbili ya asubui, nilitoka Butembo na équipe Tai pamoja na bashabiki. Tulikuwa na mechi Beni saa nane. Entraîneur wetu, mwenye kufundisha bachezaji, Ézéchias Kasika, mwalimu wa masomo ya primaire, alikaa na miye mu cabine. Beni ilitupiga mabao ine, siye hata moja. Zilibaki mechi tatu na siye tulikuwa ba mwisho. Équipe ya mwisho inashuka division ya pili.

Saa kumi na moja tukafika ku barrière ya basoda, askari ba serikali kwenye banafunga njia, pa kutokea Beni. Ile siku basoda balikuwa banatafuta baasi, wale batu banaitwa bamulele. Camions zilikuwa mustari murefu. Bashabiki bakashuka, palabre ikaanza, banabishana kando ya camion yangu. Ézéchias alibaki mu cabine, kioo wazi. Alikuwa anasikia yote.

Vagheni, fundi wa kushona, mukubwa wa bashabiki, alisema: “Mechi kumi na moja, tumeshinda mbili. Kesho tumutoe entraîneur.”

Muzee Abdias, mujengaji, akakataa. “Bachezaji bane bameingia mu armée. Wawili bamekimbia na familia zao. Hata mukileta muzungu, atashinda na nani?”

“Donc tushuke tu, tunyamaze?”

“Tushuke, mais na mutu wetu.”

Batu bakamucheka muzee. Miye nikashuka vilevile. Ni lazima niseme hapa kama nilikuwa na sababu yangu. Muramu wangu Jumaine, ndugu ya bibi yangu, alikuwa anaitaka ile kazi ya entraîneur, na nilikuwa nimemuahidi. Nikaona maneno ya Abdias yanaanza kuingia batu. Nikanyoosha mukono ku cabine, nikasema kwa nguvu: “Munatafuta nini? Mulele wa équipe yetu ni huyu!”

Nilitaka kusema: mwenye kutuharibia. Batu ba mupira tunasemaka ivyo siku hizi. Lakini sergent moja alikuwa anapita na mustari.

Akauliza: “Nani mulele? Loba! Sema!”

Mukono wangu ulikuwa bado juu.

Ézéchias akashuka yeye mwenyewe, akatoa kofia. Akasema: “Chef, hapana kitu. Ni maneno ya mupira. Banaongea juu ya kazi yangu.” Sergent akanigeukia. “Dereva, ni kweli?”

Abdias alikuwa ananiangalia. Jibu lilikuwa neno moja tu. Niliona bunduki, niliona camion, ile camion ndiyo inalisha nyumba yangu. Nikajibu: “Miye niko dereva tu.”

Bakamushika. Abdias alijaribu kuongea, bakamusukuma na kitako cha bunduki. Ézéchias hakunitukana. Alisema tu: “Maulidi, batoto bamechoka. Bafikishe nyumbani.” Alikuwa anasema juu ya bachezaji. Soda akapiga mulango wa camion, akaniambia niendeshe. Nikaendesha. Mpaka Butembo hakuna mutu aliimba, na hakuna mutu aliongea tena juu ya entraîneur.

Jana, tarehe 19, tulicheza hapa Butembo. Jumaine alikuwa entraîneur. Tulishinda moja kwa sifuri. Batu baliingia mu kiwanja, Vagheni akanikumbatia, anasema tutabaki division ya kwanza. Miye nilimuona Godelive, bibi ya Ézéchias, amesimama pa kutokea na mutoto mu mugongo. Alikuwa anauliza kila mutu. Nilipofika alisema: “Baba Lukumani, bananiambia basoda balimukamata, mais hakuna mwenye ananiambia juu ya nini. Alifanya nini?”

Nikamuambia: “Hakufanya kitu. Ni miye.” Nikamuelezea yote.

Hakulia. Akakaza kitambaa cha mutoto mu mugongo, akasema: “Kaseme ivyo ku bureau ya police.”

Basi nimesema. Neno lilikuwa langu, na ule mukono ulikuwa wangu. Ézéchias Kasika si muasi. Kama banatafuta mwenye alisema uongo, nakaa karibu na soko, batu bote bananijua. Hapa ndipo maelezo yangu yanaishia.

(sahihi) Maulidi Lukumani

Note ya polisi: Nimemusomea shahidi maelezo yake, amekubali. Saa tano nimetuma message kwa phonie, ile redio ya kazi, ku camp ya basoda ya Beni, kuomba habari za Kasika Ézéchias. Jibu limefika saa tisa: jina hilo haliko mu liste ya bafungwa, na haliko mu liste ya wale baliachiliwa. Shahidi alikuwa bado anangojea inje. Nimemujulisha. Ameomba apeleke jibu kwa madame Godelive yeye mwenyewe. Nimemuruhusu.

(sahihi) Esdras, brigadier