Masuku kwenye Tuta la Kabula

Jumatatu, 2 Desemba
Misa ya asubuhi, kisha kitaluni. Nimeng'oa magugu mpaka mgongo ukagoma. Miaka sita sasa mimi ndiye msimamizi wa kitalu cha akina mama wa kigango hapa Pito. Tulikuwa tunaotesha mikaratusi. Mikaratusi ikanywa chemchemi ya mlimani, sasa tunapanga foleni ya ndoo. Bwana misitu anataka turudishe misuku, miti yetu ya asili tuliyokaribia kuimaliza wenyewe kwa mkaa. Sawa. Ila kasema kila mama apande tuta lake, na mwezi wa kwanza atakuja kuangalia. Tuta litakaloota vizuri, mwenyewe ndiye atakayeshika kitalu. Yaani mimi wa kufanyiwa mtihani.

Alhamisi, 5 Desemba
Tumeokota masuku, matunda ya misuku michache iliyobaki mlimani. Tumekula mpaka midomo ikanata. Kokwa zangu nimeziosha, nimezichanganya na majivu, nimezianika darini juu ya moshi wa jikoni. Ndivyo mama alivyonifundisha kwa mahindi na ulezi. Mbegu yangu haijawahi kuliwa na mdudu. Watu wanatoka mpaka Kaengesa kuja kuniomba.

Kabula kazifukia zake leo leo, mbichi, zinateleza. Huyu Kabula ni Msukuma, walihamia na ng'ombe wao miaka mitatu iliyopita. Nikamwambia, "Dada, mbegu huanikwa."

Akacheka. "Mama Leo, huko mlimani nani anazianika?"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Tena kabeba madebe mawili ya udongo kutoka chini ya misuku yenyewe. Anapenda kuonekana.

Jumapili, 15 Desemba
Mbegu zangu nimezipanda jana. Kavu, safi. Leo Kabula kaimba zaburi peke yake. Kabatizwa Pasaka iliyopita tu, tayari yuko kwaya, mstari wa mbele. Sauti anayo. Mungu hugawa anavyotaka, lakini mbona kwangu anapimia kwa kijiko?

Ijumaa, 10 Januari
Zimeota. Za Kabula. Tuta zima limeinua vichwa. La jirani yangu Mama Anyesi pia limetoa kidogo, kumbe alimuiga Kabula. Langu jeupe.

Mama Anyesi kanipigia kelele kutoka ng'ambo ya uzio: "Mama Leo, mbegu zako ziko kwenye mfungo, nini?"

Wenzangu walipoondoka nikafukua mbegu moja kwa kidole. Ngumu kama punje ya rozari. Nikaivunja kwa jino. Ndani nyeusi. Nimeziua mwenyewe, kwa moshi wangu, kwa ujuzi wangu wote. Sijamwambia mtu. Hata mume wangu, Baba Leo, sijamwambia.

Jumanne, 14 Januari
Rozari, matendo ya uchungu. Katikati ya Salamu Maria nikamwona Kabula kashika ufunguo wa kitalu. Nikaanza upya. Nikamwona tena.

Jioni Kabula mwenyewe kaja na maziwa mgando, kibuyu kizima. "Kwa ajili ya watoto, Mama Leo." Maziwa matamu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alhamisi, 16 Januari
Zamu yangu ya kulinda kitalu. Saa nane wingu jeusi likaja kutoka upande wa milima ya Lyamba. Nikajua ni mvua ya mawe. Mikeka ya nyasi ya kufunikia matuta ilikuwepo, ya kutosha. Nikafunika la Mama Anyesi. Nikafunika na mengine. Nikafunika langu, lisilo na kitu.

La Kabula nikaliacha.

Sikusahau. Muda ulikuwepo. Nilisimama na mkeka mkononi, nikauweka chini.

Ijumaa, 17 Januari
Zaidi ya nusu ya miche ya Kabula imekatika shingo. Kabula kapiga magoti kwenye tope, anaokota mmoja mmoja. Halafu kanishika mkono. "Mvua ya Mungu, Mama Leo. Asante kwa kuhangaika peke yako." Wenzetu nao wakanisifu, ati nimeokoa matuta ya watu.

Jumamosi, 18 Januari
Nimeenda kitubio. Nilitegemea sala nyingi. Padre kanipa chache, kisha kasema: "Mungu amekusikia, mama. Kabula bado."

Jumapili, 19 Januari
Baada ya misa nikamwita nyuma ya kanisa. Nikasema yote. Ya darini, ya wivu, ya mkeka.

Kaitazama mikono yangu. Kisha: "Ulikuwa umeushika?"

"Nilikuwa nimeushika."

"Bora ungenitukana mbele za watu."

Kaondoka. Mkono hakunipa. Nilitaka anisamehe palepale, nirudi nyumbani mwepesi. Hata msamaha wake niliuonea uchoyo, niliutaka wote siku hiyohiyo.

Jumatano, 22 Januari
Bwana misitu kaja. Katazama tuta la Kabula, katikisa kichwa. Kageukia tuta la Mama Anyesi, lenye miche michache lakini mizima. Kabula hakunisema. Nilingoja aniseme, ningepata hata cha kumchukia.

Nikasimama. "Hili la Kabula ndilo lililoota kuliko yote. Niliacha kulifunika makusudi. Na langu halikuota kwa sababu nilizianika mbegu."

Mama Anyesi: "Yesu na Maria!"

Baba yangu alizaliwa chini ya mlima huu, na mimi pia. Nikawaambia upande wa nyuma, kwenye mawe, masuku huchelewa kuiva, kokwa mbichi bado zipo. Nitawapeleka. Bwana misitu kaandika.

Kitalu kapewa Kabula. Nilipiga makofi. Yalitoka mabovu.

Jumatatu, 27 Januari
Rasharasha tangu asubuhi. Masuku ya nyuma ya mlima tumepata gunia karibu lijae. Leo tunajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Kabula ndiye anayetupanga. Hajaniita Mama Leo tangu siku ile, ananiita "wewe hapo".

Kaokota kiriba changu, kakibonyeza, kakimwaga chini. "Umeshindilia. Mzizi utapita wapi?"

Kasema kweli. Wivu bado upo, umekaa hapa kifuani kama mgeni asiyeaga. Nimejaza upya, polepole, bila kushindilia. Akakibonyeza tena. Akakipanga pamoja na vya wenzangu.