Sweta Jekundu Lililotoka Vipande

Mama yako amepata duka! Duka kabisa, lenye mlango na kufuli, hapa hapa mtaani kwetu Rwezamenyo, la kofia na skafu tunazofuma kwa nyuzi za sweta kuukuu. Nani mwingine amezaa binti kama wangu?

Haya, sasa salamu, mke mwenzangu Zubeda. Babu yako mzima, anaulizia baridi ya huko Ubelgiji.

Umesema umefumua sweta ufume glavu, uzi ukatoka vipande vipande. Ulitupe? Hata! Nilipokuwa msichana nilinunua sweta jekundu kwa wachuuzi wa mitumba waliokuwa wakiita, "Chagua! Chagua!" Nilipovuta uzi, zikatoka nyuzi fupi kama tambi. Bi Hawa, jirani aliyenifundisha kufuma, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wameita chagua, wewe umeokota! Hili lilikatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kilichofumwa, ndipo likashonwa, kwa hiyo kila uzi umekatika ubavuni. Siku nyingine tazama mshono wa ubavuni kwanza."

Nilinuna, lakini sikutupa kitu. Niliunga nyuzi zote kwa mafundo, nikafuma skafu, mafundo nikayaficha upande wa ndani. Babu yako, wakati huo jirani tu, akaiazima kwenda nayo Ruhengeri kwenye baridi. Aliporudi akasema, "Hayo mafundo ndiyo yanayopasha shingo joto." Hakuirudisha. Alileta posa.

Basi funga mafundo, mjukuu wangu, ufume jozi mbili. Moja uvae, nyingine mpe mtu anayekuja huku, niitundike mlangoni wote waione. Tunafungua Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, na ukoo mzima unakuja.