Waya wa Pili na wa Tatu

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha ukumbini, kile chenye mguu mmoja mfupi, na mpaka leo hakuna aliyekitafutia kipande cha ubao. Huku sote wazima. Mke wangu kikohozi kimemwachia na watoto wamerudi shule. Macho yanaendeleaje? Shangazi aliniambia kwenye simu kwamba matone mapya hayakuwashi kama yale ya mwanzo, ila daktari bado amekukataza kusoma. Kwa hiyo najua barua hii utasomewa, na najua msomaji ni Kitinda wetu. Naye msalimie, ingawa atakuwa amejisalimia kwa sauti yake mwenyewe.

Utataka kwanza habari za gari lake. Lipo hapa uani, chini ya dirisha la jikoni, limefunikwa turubai. Siku alipopanda basi kuja kukuuguza aliniachia ufunguo na agizo moja tu, nilitafutie mnunuzi. Amepatikana mwalimu mmoja mstaarabu, na amesema atakuja kulichukua Jumamosi. Leo ni Jumatano, ndiyo maana siwezi tena kuchelewa kuandika.

Niruhusu nianzie mbali. Ulipotuagiza twende pamoja kumkagulia gari lililokwishatumika, nilikwenda kifua mbele. Miaka kumi na miwili nilikushikia taa chini ya gari lako, oili ikanidondokea usoni, spana zikanichuna vidole, na yeye wakati huo alikuwa akishonea wanasesere nguo. Nikamchagulia gari jeupe linalong'aa, viti havina hata mkwaruzo. Dalali akalisifu, nami nikamsaidia kulisifu. Kitinda akaweka kiganja juu ya boneti, akauliza mbona injini ina moto na sisi ndio kwanza tunafika. Dalali akadai alikuwa amelisogeza kidogo tu. Kitinda akafungua kifuniko cha kujazia oili, akanionyesha upande wa ndani, una utando mweupe kama maziwa, maana yake maji yameshaingia kwenye oili. Kisha akapiga magoti, akakuta matairi ya mbele yamelika upande mmoja. Akamshukuru dalali kwa adabu zote, akaliendea la kijani lililokuwa kwenye kona limejaa vumbi. Akaomba liwashwe likiwa baridi vilevile, akainamisha kichwa kusikiliza, kama anavyoisikiliza cherehani mbovu ya mteja. Akalinunua hilo.

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Jioni ile mliongea naye kwenye simu mpaka sikio langu likachoka kusubiri. Zamu yangu ilipofika, uliniuliza kama nimefunga geti.

Wiki mbili baadaye gari likaanza kumisi, kama mnavyosema mafundi pale silinda moja inapokosa moto na injini nzima ikatetemeka. Nikanawa mikono kabisa, nikasubiri kuitwa. Hakuna aliyeniita. Alivaa glavu za mpira, akaiacha injini iungurume, akavuta nyaya za plagi, zile zinazopeleka moto kwenye kila silinda, mmoja baada ya mwingine na kuurudisha. Kila alipovuta, injini ilizidi kutetemeka, isipokuwa alipovuta wa tatu. Huo ulipotoka, injini haikubadilika hata kidogo, akajua silinda iliyolala ni hiyo. Plagi yake ilikuwa nyeusi tititi, akaweka mpya, kelele ikakoma. Na ili siku nyingine asizichanganye nyaya, alizifunga nyuzi za kushonea: nyekundu waya wa kwanza, njano wa pili, kijani wa tatu, buluu wa nne.

Baba, ukautangazia ukoo mzima kwamba huyu ndiye aliyerithi sikio lako. Ukaagiza apewe bisibisi yako ndefu, ile uliyokuwa ukiisimamisha juu ya injini na kuweka mpini sikioni ili usikie inapougulia. Ukaniagiza mimi niitoe sandukuni, nimpe kwa mkono wangu. Halafu ukarudia ile hadithi yako uipendayo, ya Kitinda akiwa mdogo, alivyokusikia ukisema gari linamisi, akakuuliza linammisi nani. Kila mtu akacheka. Nami nilicheka, kicheko cha kuazima. Mke wangu, ambaye hanionei haya, aliniambia wivu wangu ni wa mke mwenza, tena mke mwenza ana nafuu, maana hulalamika waziwazi.

Ikafika siku yako ya kliniki. Ulikataa gari la kukodi, ukasema utakwenda na la Kitinda ili ulisikie mwenyewe. Alilala kwangu apate kuwahi. Asubuhi gari likawaka kwa taabu, likapiga mishindo kwenye ekzosi, likazima. Alikagua nyuzi zake, zilikuwa zimepangika vizuri. Akabadilisha plagi zote. Akavuta waya mmoja mmoja, akachanganyikiwa, akaanza upya. Mimi nilikuwa dirishani na kikombe cha chai. Hakuniita, maana aliamini kosa ni lake na alitaka alirekebishe mwenyewe. Huko kwa Shangazi wewe ulikuwa barazani tangu alfajiri, umesimama ili suruali isijikunje. Mpaka natoka ndani, saa nane mchana, kliniki ilishafungwa na ukapangiwa tarehe nyingine, wiki tatu mbele.

Nililitengeneza kwa dakika tano. Kwenye simu ukaniita fundi wangu, neno ambalo nilikuwa sijalisikia tangu nikiwa na kaptula. Yeye ukamwambia cherehani na gari ni vitu viwili tofauti. Alifuta mikono, akanirudishia bisibisi, akasema sikio ni langu, yeye alikuwa akibahatisha. Nami nikaipokea, Baba. Niliipokea nikaiweka juu ya kabati.

Sasa wewe unayesoma, Kitinda, najua hapa utataka kuruka. Usiruke. Msomee Baba neno kwa neno.

Ni mimi niliyeliharibu. Alasiri ya siku iliyotangulia, ulipokuwa ndani unanyoosha nguo, nilifungua boneti nikabadilishanisha waya wa pili na wa tatu. Kisha nikafungua uzi wako wa njano na wa kijani, nikaufunga kila mmoja mahali pa mwenzake, ili ukitazama uone nyekundu, njano, kijani, buluu, kama ulivyoziacha. Nilitaka uje unigongee dirisha, nilitengeneze, na Baba asikie ni nani aliyelitengeneza. Ulipokosa kuja, nilikuacha uhangaike, kwa sababu bado nilitaka uje. Nilipotoka kulitengeneza nilikutuma ndani ukaniletee kitambaa, nikazirudisha nyaya na nyuzi mahali pake. Hukubahatisha hata siku moja. Sikio ni lako. Sikujua mtu anaweza kuona wivu mpaka akazifungua nyuzi za mdogo wake, lakini naweza, na nimefanya.

Baba, kliniki uliikosa kwa sababu yangu. Ukinikasirikia nitastahimili. Ninachokuomba ni yale maneno ya cherehani uyafute, umwambie yeye mwenyewe, akiwa hapo hapo ameshika karatasi hii.

Mwalimu nitamwambia gari haliuzwi. Jumamosi nitaliendesha mwenyewe hadi hapo, na bisibisi juu ya kiti cha mbele. Nyuzi nimezifungua zote, azifunge upya kwa mkono wake. Jumatatu, tarehe yako mpya, akupeleke kliniki, mimi nitakaa nyuma nifunge mdomo. Barua nampa kondakta wa basi la kesho.

Msalimieni Shangazi, mwambieni nimeipata sufuria yake. Watoto wanakuamkia, mke wangu pia, naye ameisoma barua hii na kusema angalau nimelalamika waziwazi.

Limebaki moja, nalo ni dogo, lakini nimekaa nalo miaka mingi kuliko hayo mengine yote. Siku ile uliyosema gari linamisi, Kitinda alikuwa bado anabebwa mgongoni kwa Mama, hajui kusema hata maji. Aliyekuwa chini ya gari ameshika taa, akakuuliza linammisi nani, nilikuwa mimi.

Mwanao wa kwanza