Monita Mpya na Macho ya Baba

Jumatano. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na matope ya Nyansurura yameng'oa soli ya kiatu changu cha kazini. Siku nyingine ningenuna mpaka jioni. Leo sina hasira na mtu. Leo nimelia ofisini mbele ya walimu wenzangu, na wala sioni aibu.

Nianze na monita.

Wiki iliyopita kijana aliyesoma hapa shuleni, ambaye sasa anafanya kazi mgodini kule Nyamongo, alituletea monita mpya kwa ajili ya kompyuta ya ofisi. Pana, nyembamba, bado ina plastiki zake. Ile ya zamani ilikuwa ndogo, ya mraba, inawaka inapojisikia. Tulipiga makofi, mkuu wa shule akaongoza na sala ya shukrani.

Nikakaa kuchapa mtihani wa kidato cha pili, nikaona herufi zina ukungu. Zinasomeka, ila kila moja ina kivuli pembeni, na "m" na "n" zimeshikana. Nikafuta kioo kwa upindo wa khanga. Nikafikicha macho. Ukungu uko palepale.

Nikageuka niwaulize wenzangu, nikawasikia wanasema, "Aisee, hii kitu inaonyesha safi!" Nikafunga mdomo.

Shajara, wewe unajua kwa nini. Baba yangu kule Newala haoni. Presha ya macho ilimmaliza taratibu, na daktari alituambia sisi watoto tupime kila mwaka, maana ugonjwa wenyewe unarithiwa. Mimi tangu nipangiwe kazi huku Mara sijapima hata mara moja. Kila likizo najiambia nikifika Musoma nitapitia hospitali. Nikifika Musoma nanunua samaki, napanda basi.

Kwa hiyo nilijua. Zamu yangu imefika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nachapa kwa herufi kubwa kama za bango la mkutano wa hadhara. Nikibaki peke yangu naziba jicho moja nasoma kalenda ya ukutani, kisha naziba la pili. Kalenda naiona vizuri! Badala ya kujiuliza iweje kalenda ionekane na monita isionekane, mimi nilikuwa nawaza nani atanisahihishia madaftari nikiwa kipofu. Usingizi umenipaa wiki nzima.

Leo mchana akaingia Mwalimu Bhoke wa hesabu, Mkurya wa Tarime asiyejua kuzungusha maneno. Alikuwa kwenye likizo ya uzazi, monita hajawahi kuiona. Akakaa, akachapa mstari mmoja, akatugeukia.

"Jamani, hii monita mnaionaje ninyi? Mbona herufi zimeota manyoya?"

Mkuu wa shule akakohoa. "Hata mimi nilikuwa naona hivyo. Nikadhani ni uzee." Mwalimu wa jiografia naye akakiri kwamba ameuona ukungu tangu siku ya kwanza, ila aliona vibaya kukosoa zawadi ya mtu aliyeitolea jasho.

Watu wazima na akili zetu! Wiki nzima!

Tukaanza kuhangaika nayo. Bhoke akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha na kukaza skrubu zake. Bado. Akataka kuipiga kofi la mgongoni, nikamdaka mkono. Mimi nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, upande wa skrini, na huko nikakuta mambo: kompyuta bado ilikuwa inatuma picha ya ukubwa wa ile monita ya zamani, na hii mpya inaivuta kwa nguvu ijae kioo kizima. Nikachagua ukubwa wa juu kabisa, ule wa monita yenyewe. Kioo kikawa cheusi kidogo, kikarudi.

Herufi zikasimama, moja moja, safi.

Nikalia. Bhoke akanishika bega. "Pole mwalimu, si monita tu?" Nikawaeleza yote, ya baba na ya woga wangu. Hakuna aliyecheka.

Jioni nikampigia baba. Nikamwamkia, nikamsimulia, akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akatulia.

"Mama, mimi siku za mwanzo gazeti nilikuwa nalisoma vizuri kabisa. Nilikuwa najigonga kwenye milango tu, pembeni sioni. Wewe umepima?"

Nikamjibu kwamba Ijumaa naenda Musoma kupima. Nilimdanganya. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu furaha yangu isiharibike.

"Afadhali," akasema. "Hapo umenipa usingizi."

Nikabaki nimekaa na simu mkononi. Halafu nikavaa ndala, nikapita kwenye matope hadi nyumbani kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa ya Ijumaa.

Amenipa bila hata kuuliza. Naogopa sana, lakini amenipa.