Siku Bi Hanna Alipomtaja Rut

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute u mzima hapo Gede, na ile miguu imepungua kuvimba. Mimi mwili hauna neno, ila moyo umenielemea. Kwenye simu ningelia tu, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Yule bibi niliyekuwa nikimtunza huku Ulaya kwenye nyumba ya wazee, Bi Hanna, amefariki. Ndiye aliyekaa nami siku mliyomzika baba nami sikuweza kuja. Alinishika mkono akasema, "Nieleze alikuwa mtu wa namna gani." Nikamweleza mpaka chai ikapoa.

Mwezi uliopita mji ulisherehekea kuanzishwa kwake. Ni mji mdogo, mama, uko ukingoni mwa ziwa. Ukitoka kanisani ukashuka kidogo, umefika majini. Tulikusanyika uwanjani, meya akasimulia historia: vibanda vya wavuvi, kisha watawa waliojenga kanisa, kisha reli iliyoleta matajiri wa kuja kuogelea. Alipofika kwenye Vita vya Pili vya Dunia akasema, "Ile miaka migumu," akapita.

Bi Hanna akanivuta mkono. "Kadzo, nisukume mbele."

Nikakisukuma kiti chake cha magurudumu. Mkubwa wangu wa kazi akaninong'oneza, "Mrudishe, amechoka." Niliiogopea kazi yangu, lakini nikamjibu, "Hajachoka. Ana neno."

Akapewa kipaza sauti. Alisema utotoni alikuwa na rafiki yake, Rut, binti wa Myahudi aliyeuza vitambaa, na nyumba yao ilitazama ziwa. Asubuhi moja wakati wa vita askari waliwachukua wote, wakawapitisha katikati ya mji na mabegi yao.

"Kila mtu aliona," alisema. "Rut aliniita. Mama yangu akanivuta ndani, akafunga pazia. Hakurudi hata mmoja wao, na vyombo vyao vikachukuliwa na majirani. Hiyo nayo ni historia yetu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alivua kofia. Wengine wakaondoka kimyakimya.

Tukiwa njiani kurudi akanionyesha nyumba ile kwa mbali, akaniomba nimpeleke siku nyingine, aiage. Lakini usiku ule kifua kilimbana, hakuinuka tena kitandani. Tuliomzika tulikuwa wachache.

Baada ya mazishi nikaenda kwenye nyumba ile peke yangu. Sasa ni duka la viatu. Mwenye duka, mama wa makamo, alinitambua. "Nilikuwepo uwanjani," akasema. "Miaka yote naishi humu, sikujua." Kisha akaniuliza, "Ukoo wao uliitwaje?"

Sikujua, mama. Bi Hanna alisema Rut tu, na sasa hayupo wa kumuuliza. Mwenye duka alisema ataulizia kwenye ofisi ya mji. Sijui kama atakwenda.

Nisalimie kaka Kahindi na mkewe, shangazi wa Kakuyuni, na jirani yetu mshonaji. Nikiwa peke yangu huku nawataja mmoja mmoja, kwa sauti, kila mtu na jina la babake.

Ni mimi mwanao,
Kadzo